GPA yangu (wastani wa alama) ni nzuri, mbona wamenikatia msaada wa masomo?

Swali limetoka kwa binti aliyeko Wete, Pemba. Kwa ufupi anaeleza hivi:

"Shikamoo. Nasoma shahada ya miaka minne Ohio, Marekani, nimemaliza mwaka wa pili. Baba anaishi huko na mimi nina karatasi za ukaazi wa kudumu, kwa hiyo nalipiwa kwa ruzuku ya Pell, msaada wa serikali yao usiolipwa kama mkopo, na mkopo kidogo wa serikali hiyo hiyo. Mwanzoni mwa Machi bibi mzaa mama, aliyenilea mpaka nikawa na miaka 16, alipigwa na kiharusi. Niliacha masomo yote nikaja Pemba. Akafariki baada ya wiki tatu, nikakaa mpaka arubaini. Sasa chuo kimeniletea imeili kwamba sina maendeleo ya kuridhisha na msaada umesimamishwa. GPA yangu ni 2.9! Hata onyo sikupewa. Naweza kukata rufaa mpaka Agosti 1. Nimeshaandika barua ya kuomba msamaha, naiambatanisha pamoja na matokeo yangu. Je, inafaa?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Barua haifai. Nakwambia mapema ili tupate muda wa kuiandika upya, maana kesi yako yenyewe ni nzuri. Nimekaa miaka 11 katika ofisi ya misaada ya wanafunzi ya chuo kimoja huko huko Marekani kabla sijarudi Unguja, na rufaa kama yako nimezisoma mpaka macho yakauma. Zinazoanguka nyingi haziangushwi na sababu. Zinaangushwa na barua.

Tuanze na hiyo GPA, kwani ndiyo iliyokuchanganya. Sisi tumelelewa na hesabu nyingine. Mwanafunzi wa vyuo vya kwetu anajua sapu (mtihani wa marudio), anajua kerioova (somo la kubeba mwaka unaofuata), anajua disko (kuondolewa chuo). Ukivuka mwaka umevuka, na kila mtu nyumbani anaelewa. Sheria ya misaada ya serikali kuu ya Marekani inapima vitu vitatu kwa pamoja, na ukikwama kwenye kimoja tu umekwama. Cha kwanza ni alama: ukifika mwisho wa mwaka wa pili uwe na wastani wa C, yaani vyuo vingi husema GPA ya 2.0, na hiyo ni kati ya 4, si kati ya 5 kama ya kwetu. Hapo wewe na 2.9 yako huna tatizo kabisa. Cha pili ni kasi. Cha tatu ni ukomo wa muda. Wewe umekwama kwenye kasi.

Kasi ni hesabu ya duka. Wanachukua krediti zote (vipimo vya uzito wa kila somo) ulizojisajilia tangu siku ya kwanza, wanatazama ngapi umezipata, wanagawa. Nimezihesabu kwenye matokeo uliyoniletea. Mwaka wa kwanza ulijisajilia 30, kemia ikakuangusha, ukapata 27. Muhula wa vuli ulijisajilia 15, takwimu ukaiacha njiani, ukapata 12. Muhula wa Januari ulijisajilia 15, ukaondoka, W tano, alama ya somo lililoachwa, zimepangwa kama vigingi vya mwani. Jumla umejisajilia 60, umepata 39. Thelathini na tisa kwa sitini ni asilimia 65. Chuo chako, kama vilivyo vingi, kinataka 67.

Hiyo W ndiyo inayowadanganya wanafunzi. Ukiacha somo baada ya muda wa kubadilisha masomo kupita, wanakuandikia W, na kwenye GPA haigusi chochote. Ndiyo maana mshauri wako alikwambia "usiogope, haitaharibu alama zako." Hakusema uongo. Lakini kwenye kasi ile W ni krediti uliyojisajilia na hukuipata, sawa sawa na F. Mtu anaweza kuwa na GPA ya 3.8 na msaada wake ukakatwa kwa W tupu.

Na hiyo 67 haikutoka hewani. Shahada yako ina krediti 120. Sheria inasema serikali haitakulipia zaidi ya asilimia 150 ya urefu wa programu, yaani krediti 180 za kujisajilia, hata kama ungekuwa mtoto wa waziri. Gawa 120 kwa 180: theluthi mbili. Kwa hiyo wanakuuliza kila wanapopima: kwa mwendo huu, utafika kabla safari haijakatwa? Ule ukomo wa krediti 180 ndio kipimo cha tatu, na kwako bado uko mbali. Hakuna mtu pale anayesema huna akili.

Onyo hukupewa kwa sababu moja kavu. Vyuo vinavyopima kila mwisho wa muhula vinaruhusiwa kumpa mwanafunzi muhula mmoja wa onyo, anaendelea kulipiwa bila hata kukata rufaa. Vinavyopima mara moja kwa mwaka haviruhusiwi kutoa onyo hilo. Imeili yako inasema "mapitio ya mwaka", basi chako ni cha namna hiyo. Huko ni kusimamishwa moja kwa moja, kisha rufaa.

Sasa barua. Umeandika, nakunukuu kwa Kiswahili: "Naomba radhi sana kwa matokeo yangu. Nilipata matatizo ya kifamilia. Naahidi nitasoma kwa bidii zote nikipewa nafasi." Adabu nzuri, na ungemwandikia mwalimu wa chuoni Chake Chake angeguna akakusaidia. Ila anayeisoma kule Ohio hana ruhusa ya kukusamehe. Kanuni inayomfunga, iliyoanza kutumika Julai 2011, inataka barua yako ijibu mambo mawili tu: kwa nini hukufikia kiwango, na nini kimebadilika kitakachokufanya ukifikie watakapokupima tena. Sababu zinazokubalika zimetajwa: kufiwa na jamaa, kuumia au kuugua mwanafunzi mwenyewe, au hali nyingine ya pekee. Kufiwa na jamaa ndiyo iliyotangulia kabisa kwenye orodha yao, na wewe umeificha ndani ya "matatizo ya kifamilia"!

Najua kwa nini umeificha. Sisi tumefunzwa sitara. Ya nyumbani hayatoki nje, na mgonjwa hasemwi, seuze maiti. Nilikuwa na kijana wa Kizanzibari, alileta rufaa ya mistari minne yenye maneno hayo hayo, kamati ikaikataa kwa dakika mbili, nami nilikuwa nimekaa pale. Wiki mbili baadaye akaja ofisini kuuliza jambo jingine, akavua koti, nikaona kovu bichi la upasuaji. Alikuwa amelazwa siku 19. Nilimuuliza kwa nini hakuandika. Akaniambia, "Nitaandikaje habari za tumbo langu kwa watu nisiowajua?" Tukamfungulia rufaa ya pili, ikapita, lakini muhula ulikuwa umeshampita.

Kwa hiyo andika wazi, kwa tarehe. Mfano, na utaugeuza mwenyewe kwa Kiingereza chako:

"Tarehe fulani Machi bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea, alipata kiharusi kisiwani Pemba, Tanzania. Mama yangu hayupo Pemba na hakukuwa na mtu mwingine wa kumuuguza. Nilisafiri tarehe fulani baada ya kuacha rasmi masomo matano. Bibi alifariki tarehe fulani. Kwa desturi ya jamii yetu aila hukaa pamoja mpaka siku ya arubaini, na mimi ndiye niliyesimamia nyumba. Muhula ulikuwa unamalizika nilipokuwa huru kusafiri."

Hiyo ya arubaini isizidi sentensi moja. Usimweleze khitma inasomwaje. Atajua tu kwamba ni desturi na ina siku zake, inamtosha.

Baada ya hapo weka hesabu, kwa sababu hakuna kinachomtuliza ofisa kama mwanafunzi anayezijua hesabu zake. Ukiutoa muhula ule, ulikuwa umejisajilia 45 umepata 39, karibu asilimia 87. Iseme. Inamwonesha kwamba ulikuwa unakwenda ukaangushwa na jambo moja. Lakini usijifanye kwamba kabla ya Machi mambo yalikuwa safi, maana kemia na takwimu atakuwa nazo mbele yake. Ungelizipata zile krediti sita, hata baada ya msiba ungebaki na 45 kwa 60, asilimia 75, na leo tusingekuwa tunaandikiana. Kwenye ujumbe wako umegusia, kwa haraka haraka, kwamba ulikuwa unafanya kazi za usiku ghalani saa 30 kwa wiki. Basi ndiyo hiyo. Mistari miwili: nilikuwa nafanya kazi saa 30, masomo ya hesabu yakanishinda, nimekosea kupanga.

Sehemu ya "nini kimebadilika" ndiyo nzito zaidi kwako, nami naitaja kwa heshima: kilichobadilika cha kwanza ni kwamba bibi hayupo tena. Sababu iliyokutoa darasani imekwisha, na lazima iandikwe. Iandike kwa ufupi, kisha nenda kwenye mambo yaliyo mikononi mwako. Saa za kazi zimepungua kuwa ngapi, na msimamizi wako ameridhia kwa maandishi? Kemia utairudia lini, na nani atakusaidia? Kituo cha kufundishia wanafunzi kiko chuoni kwako bure, mwandikie mkuu wake leo, majibu yake uyaambatanishe. "Nitajitahidi" isionekane popote. Tarehe, saa, jina la ofisi, vinatosha.

Halafu mwoneshe mbele. Ukirudi na krediti 12, ambazo ndizo zinazokuhesabu mwanafunzi wa muda wote, na ukazipata zote, utakuwa na 51 kwa 72, yaani asilimia 70.8. Umeshavuka ndani ya muhula mmoja. Hii ina maana kwake: kama anaona utafika kwa muhula mmoja, anaweza kukuweka kwenye muhula wa majaribio na ukalipiwa, bila mpango mrefu wa masomo. Kama hesabu ingeonesha unahitaji mihula mitatu, angelazimika kukupangia mpango wa masomo na kutazama kama unaufuata. Ila tazama ukiangusha somo moja kati ya hayo manne: 48 kwa 72, theluthi mbili kamili, 66.67. Vipo vyuo vinavyoikaribisha namba hiyo iwe 67, na vipo visivyofanya. Usiweke maisha yako kwenye desimali. Chukua 12, usichukue 15 kwa kutaka kuwaonesha.

Karatasi sasa, na hapa ndipo watoto wa Kizanzibari wanapokwama kwa jambo ambalo Mmarekani hata halimpitii akilini. Jina lako ni lako, la baba, na la babu mzaa baba. Bibi mzaa mama jina lake ni lake, la baba yake, na la babu yake. Yaani ofisa atashika cheti cha kifo mkono mmoja na rufaa yako mkono wa pili, na hata herufi moja haifanani. Atasema: huyu marehemu ni nani kwake? Kwao jina la ukoo huwa linasema lenyewe. Mjengee ngazi: cheti chako cha kuzaliwa kina jina la mama, cheti cha mama kina jina la bibi, cheti cha kifo kina jina la bibi. Vipande vitatu na sentensi moja ya kuvifunga. Kama mama kazaliwa nyumbani shamba na cheti hana, nenda kwa sheha wa shehia aliyofia bibi, akuandikie barua yenye muhuri itakayotaja uhusiano wenu kwa maneno, si "ndugu yake" tu. Neno "ndugu" litakupoteza. Iseme "mama mzazi wa mama yake mzazi".

Angalia na herufi. Cheti kimoja kinasema Fatma, kingine Fatuma. Mbarouk huku, Mbaruku kule. Sisi tunaona ni mtu yule yule, wao wanaona watu wawili. Itaje tofauti hiyo mwenyewe kabla hawajaigundua.

Cheti cha kifo kinatoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kama hamjakifuatilia, anza kesho asubuhi, hayo mengine yatangoja. Ongeza karatasi ya hospitali aliyolazwa, tiketi zako za ndege, ukurasa wa pasi wenye muhuri wa kuingia, hata tiketi ya boti ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani kama bado ipo mkobani. Kila karatasi ya Kiswahili iwe na tafsiri yake kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza wa skuli iliyo karibu akitafsiri na kuweka saini na cheo chake, vyuo vingi vinapokea, lakini uliza chako kwanza kama kinataka mtafsiri aliyesajiliwa.

Kuna jambo hujaniuliza na linanitia wasiwasi kuliko rufaa. Uliondoka wiki ya saba ya muhula wa wiki 15. Anayeondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita huhesabiwa kuwa hakuustahili msaada wote aliolipiwa. Sehemu iliyobaki hurudishwa serikalini. Chuo kikisharudisha, ada inabaki wazi, na anayedaiwa ni wewe. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi leo utazame salio. Rufaa ikikubaliwa deni hilo haliondoki, na vyuo vingi havimruhusu mwenye deni kujisajili. Nimewaona waliopokea barua ya kukubaliwa wakafurahi, wakakuta mlango wa usajili umefungwa kwa dola mia sita. Omba mapema kulipa kidogo kidogo.

Na mkopo. Tangu ulipoacha masomo yote, miezi sita ya neema, yaani muda wa kutoanza kulipa, imeanza kuhesabika, na itakwisha mwanzoni mwa Septemba. Muhula unaanza mwishoni mwa Agosti. Ukirudi ukajisajilia walau nusu ya muda kabla haijakwisha, neema yako inarudi kuwa nzima, utaitumia ukimaliza chuo. Ikikwisha ukiwa bado Wete, imekwenda. Ukirudi baadaye malipo yatasimama ukiwa masomoni, ila siku ya kumaliza utaanza kulipa bila mapumziko.

Ndugu zako wanakwambia pumzika mwaka mmoja, mambo yatajifuta. Hayajifuti. Ukikaa nje miaka mitano utarudi uikute ile ile 39 kwa 60 inakungoja. Kinachoibadilisha ni krediti ulizopata tu, kwa hiyo ikiwa rufaa itakataliwa, njia iliyobaki ni kulipa mwenyewe masomo machache. Hapo chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili chenye ada nafuu, ndicho rahisi: krediti wanazozipokea zikihamishwa huhesabiwa pande zote mbili, ulizojisajilia na ulizopata. Masomo mawili, krediti sita, yanakupeleka 45 kwa 66, asilimia 68. Umerudi juu ya mstari. Lakini wapate kukuandikia kwanza kwamba watazipokea, kabla hujatoa hata dola moja. Kukata rufaa nyingine Wizara ya Elimu ya Marekani hakupo. Neno la chuo ndilo la mwisho. Na kama una pesa yoyote ya chuo chenyewe au ya jimbo, soma masharti yake peke yake, huenda yanataka alama kubwa zaidi.

Baba yako asipige simu kukutetea. Sheria yao ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, ya 1974, kwa kawaida inawazuia kumweleza chochote mpaka wewe uwape ruhusa kwa maandishi, na akianza kugomba atamkasirisha mtu ambaye faili lako liko mezani kwake. Piga wewe. Saa mbili asubuhi ya Ohio ni saa tisa alasiri ya Wete. Wakati huo simu zao hazijajaa. Uliza mambo mawili tu: kamati inakutana lini, na je, karatasi zinaweza kufuata baada ya barua? Kama zinaweza, barua itume wiki hii hata kama cheti cha kifo hakijatoka, useme ndani yake kwamba kinakuja. Niletee rasimu mpya kabla ya Ijumaa, niipitie baada ya sala.